SOMO LA WIKI: Simu ya biashara inunuliwe kwa miezi, si kwa macho

MAKAMBAKO. Katika mji huu ambako barabara ya Njombe na Songea inakutana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya, simu ya mkononi imekuwa chombo cha kazi sawa na mizani. Picha ya viazi mviringo, mbao au parachichi inatumwa kwa mnunuzi kabla lori halijapakiwa, bei inapatanwa, na malipo ya awali yanaingia kabla dereva hajawasha gari. Simu ikigoma siku hiyo, mzigo unalala, na viazi vikilala vinapoteza bei.

Kwa sababu hiyo, swali la kununua simu ya Android au iPhone si suala la fahari tu. Ni uamuzi wa mtaji. Fedha inayowekwa kwenye simu ni fedha ambayo ingeweza kuwa magunia shambani Njombe. Somo la wiki hii linaeleza namna mwenye mtaji mdogo anavyoweza kupima uamuzi huo kabla hajafungua pochi.

Vitu vitatu kwa bei moja

Anayenunua simujanja hununua vitu vitatu kwa pamoja. Cha kwanza ni chombo chenyewe: kioo, betri na kamera. Cha pili ni mfumo endeshi, yaani mtambo wa ndani unaokiamuru chombo kufanya kazi. Cha tatu ni duka la programu linaloutegemea mfumo huo. Android ya kampuni ya Google ina duka la Play, na iPhone ya kampuni ya Apple ina App Store iliyofunguliwa mwaka 2008.

Wanunuzi wengi hukagua kitu cha kwanza tu. Hata hivyo, historia inaonyesha kuwa simu nyingi za biashara hazikufa kwa kuvunjika kioo. Zilikufa kwa sababu duka nyuma yake lilifungwa.

Mifano ni mingi. Simu za Nokia zenye mfumo wa Symbian, zilizowahi kutamba sokoni, ziliachwa na WhatsApp Juni 2017. Desemba mwaka huo ikafuata BlackBerry ya mfumo wa zamani. Simu za Windows za kampuni ya Microsoft zikaachwa mwishoni mwa mwaka 2019. Baadaye zikaja simu za bei nafuu zenye mfumo wa KaiOS, ikiwemo ile iliyouzwa na Vodacom kwa jina la Smart Kitochi. Mkulima alipata WhatsApp kwenye simu ya vitufe. Lakini Juni 2024 WhatsApp ilisitisha upakuaji mpya kwenye KaiOS, na mwanzoni mwa mwaka 2025 ikaacha kabisa kuhudumia simu hizo.

Katika visa vyote hivyo chombo kiliendelea kuwaka na betri ilishika chaji. Kilichoondoka ni soko. Mfanyabiashara alibaki na duka zuri kwenye barabara isiyopitwa na gari.

Miwili iliyobaki

Leo mifumo mikubwa iliyobaki ni Android na iPhone. Lakini hata ndani ya mifumo hiyo zipo simu zilizokwisha muda wake. Januari 2025 WhatsApp iliacha kuhudumia Android za toleo lililo chini ya 5.0. Mei mwaka huo huo ikaziacha iPhone zisizoweza kufikia toleo la 15.1, yaani iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Anayeuziwa iPhone 6 leo kwa maelezo kuwa "bado ni nzima" hadanganywi kuhusu kioo. Anadanganywa kuhusu muda.

Kwa mfanyabiashara wa Njombe na Makambako tofauti zifuatazo ndizo zenye uzito.

Kwanza ni laini. Wengi wanatumia mitandao miwili, kwa kuwa mteja mmoja hulipa kwa M-Pesa na mwingine kwa Airtel Money. Android nyingi zinapokea laini mbili za kuchomeka. iPhone za kabla ya mwaka 2018 zina nafasi ya laini moja tu, na nyingi za baada ya hapo zinapokea moja ya kuchomeka pamoja na moja ya kielektroniki. Aidha, iPhone 14 na za baadaye zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazina kabisa nafasi ya kuchomeka laini. Mnunuzi wa simu iliyotumika aulize ilikouzwa mara ya kwanza.

Pili ni waya wa chaji. iPhone za kabla ya iPhone 15 ya mwaka 2023 zinatumia waya wa aina yake. Anayesafiri usiku na mzigo ajue kuwa waya wa dereva hautamfaa.

Tatu ni kufuli la mwenye mali. Simu za pande zote mbili hufungwa kwa akaunti ya mmiliki wa kwanza. Iliyotumika ikinunuliwa kabla mwenyewe hajaondoa akaunti yake, mnunuzi anaweza kubaki na kipande cha kioo. Mauzo yafanyike simu ikiwa imefutwa na kuwashwa upya mbele ya macho ya mnunuzi.

Nne ni uhalali. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini. Mnunuzi abonyeze *#06#, apate namba ya utambulisho wa simu, kisha aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ili aone kama jina na aina vinalingana na simu aliyoshika.

Hesabu ya mwezi

Mkulima wa viazi amejifunza kwa machungu kuwa gunia la lumbesa halipimwi kwa jicho, linahitaji mizani. Mizani ya simu ni gharama ya mwezi mmoja. Chukua bei ya kununua, toa bei ambayo simu itauzika mwishoni, kisha gawa kwa miezi ambayo mfumo utaendelea kuhudumiwa.

Tuchukue mfano wa simu nne, kwa bei za somo tu. Ya kwanza ni Android mpya ya Sh. 360,000 yenye miezi 36 ya huduma, itakayouzika kwa Sh. 72,000. Gharama yake ni Sh. 8,000 kwa mwezi. Ya pili ni Android ya zamani ya Sh. 150,000 iliyobakiza miezi 10 na haitauzika tena. Gharama yake ni Sh. 15,000 kwa mwezi. Ya tatu ni iPhone iliyotumika ya Sh. 450,000, iliyobakiza miezi 18, itakayouzika kwa Sh. 150,000. Gharama yake ni karibu Sh. 16,700. Ya nne ni iPhone ya karibuni ya Sh. 900,000 yenye miezi 60, itakayouzika kwa Sh. 300,000. Gharama yake ni Sh. 10,000.

Hapa yapo mafunzo mawili. La kwanza, simu iliyokuwa rahisi kuliko zote dukani imekaribia kuwa ghali kuliko zote. La pili, jina la kampuni peke yake halikuamua mshindi; miezi ndiyo iliyoamua. Hata hivyo, iPhone ya nne inadai Sh. 540,000 zaidi ya Android ya kwanza, na zinatakiwa siku moja. Kwa mwenye mtaji wa kuzungusha kila wiki, fedha hiyo imelala mfukoni wakati wenzake wanapakia.

Muuzaji aulizwe toleo la mfumo na muda wa huduma ulioahidiwa na mtengenezaji. Ahadi hizo zinatofautiana sana. Samsung, kwa mfano, iliahidi miaka sita ya marekebisho ya usalama kwa Galaxy A16 iliyotoka mwaka 2024. Muda huo huhesabiwa tangu simu ilipoingia sokoni, si tangu siku mteja aliponunua.

Fedha haina mfumo

Jambo la kutia moyo ni kwamba huduma za fedha za simu nchini hazikujengwa juu ya simujanja. M-Pesa iliyoanza mwaka 2008 inafunguka kwa *150*00#, Mixx by Yas kwa *150*01# na Airtel Money kwa *150*60#, hata kwenye kitochi. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo anaweza kuweka laini ya malipo kwenye kitochi kinachokaa na chaji kwa siku kadhaa, na simujanja ikabaki kwa picha na makundi ya bei.

Mpango huo una faida nyingine. Programu za mikopo ya haraka zimewaumiza wengi, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kupiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni. Android inaruhusu kuingiza programu kutoka nje ya duka rasmi, hata ile iliyorushwa na rafiki. Uhuru huo ni mlango ambao mfanyabiashara anapaswa kuufunga mwenyewe.

Kwa mwekezaji

Wapo pia wanaoombwa na vijana kuchangia mtaji wa kutengeneza programu ya kuuza mazao. Google hutoza mtengenezaji dola 25 mara moja tu kujiandikisha, wakati Apple hutoza dola 99 kila mwaka. Wakulima na madalali wengi wanatumia Android za bei nafuu. Mwekezaji atakayeanzia iPhone atakuwa amefungua duka mtaa usio na wateja wake. Na kama kazi hiyo inaweza kufanywa kwa ujumbe mfupi, aulize kwanza kwa nini programu inahitajika.

Mwisho, mifumo huja na kuondoka, lakini orodha ya wateja na madeni haipaswi kuondoka nayo. Namba ziandikwe pia mahali pasipotegemea simu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la karatasi bado halijaachwa na duka lolote.