Samaki Aleaye Kinywani

Mwalimu atakaye kuwafunza watoto kutazama viumbe na awachukue Matema, Kyela, wakati wa kiangazi, asubuhi kabla upepo haujavuma. Hapo milima ya Livingstone yashuka hata ziwani, na maji kati ya mawe ni safi. Waketi kimya, vivuli vyao visianguke majini. Wataona samaki wadogo wa samawati wakiparuza utelezi wa kijani juu ya mawe. Wamtafute yule ambaye kidevu chake kimevimba, wala hali kitu. Mara ya kwanza mimi nalidhani ni mgonjwa. Kumbe ni jike, amebeba mayai kinywani. Hukaa hivyo majuma kama matatu, akikonda, hata watoto waweze kuogelea. Wavu ukimnasa, mara nyingi huyatema yote majini, naye mvuvi huhesabu samaki mmoja.