Umeme wa Nyumbani: Waya wa Ethi na Usalama Bafuni

Swali
Hita ya maji ya 3,000 W, 230 V imefungwa katika bafu la nyumba moja ya Katonga, Kigoma. Ganda la waya wa moto limechubuka, na shaba inagusa kasha la chuma. Hita haina ethi. Mtu aliyelowa, mwenye ukinzani wa Ω 1,000, anashika kasha.
(a) Tafuta mkondo wa hita.
(b) Tafuta mkondo unaopita mwilini.
(c) Je, fyuzi ya 15 A itamwokoa?
(d) Eleza kinga mbili.

Jibu
(a) I = P/V = 3,000/230 = 13 A.
(b) I = V/R = 230/1,000 = 0.23 A. Mkondo huu unaweza kuua.
(c) Hapana. Jumla ni 13 + 0.23 = 13.23 A, chini ya 15 A, hivyo fyuzi haiungui.
(d) (i) Waya wa ethi (kijani na njano) uungwe kwenye kasha. Ikiwa njia ya ethi ina Ω 2, mkondo wake ni 230/2 = 115 A; fyuzi huungua mara moja.
(ii) Kasha na mabomba ya chuma yaunganishwe kwa waya. Yakiwa na volti sawa, anayeyashika yote mawili hapitishi mkondo kati yake.

Angalizo: Usiandike “fyuzi humlinda mtu.” Fyuzi peke yake hulinda waya na kifaa. Anayemlinda mtu ni ethi ikishirikiana na fyuzi.

Jaribu: Rudia (d)(i) kwa ethi ya Ω 46, hita ikiwa imezimwa. Je, fyuzi itaungua?