Ng'ambo na Ufuo Uliohama: Wanafunzi wa Nyanza na Mafuriko ya 1961

Kabla ya kuwa jina la Ulaya na Marekani, neno ng'ambo lilimaanisha upande wa pili wa maji, yawe ya mto, ya hori au ya bahari. Ng'ambo ya Unguja ilipata jina lake kwa kuwa hori iliitenga na Mji Mkongwe. Kwa hiyo mzazi wa Kisumu anaposema kwamba mwanawe amekwenda kusoma ng'ambo, hata kama mwana huyo alipanda ndege, lugha inamsimamisha mzazi ukingoni mwa maji. Sitiari hii ina sharti ambalo aghalabu halitajwi: ufuo alioachwa mzazi uwe palepale msafiri atakaporejea. Makala haya yanalichunguza sharti hilo.

Mnamo Septemba 1959, ndege ya kwanza iliyotokana na juhudi za Tom Mboya iliwapeleka Marekani wanafunzi 81. Kufikia 1963, karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri kwa mpango huo, na Oginga Odinga naye aliwatafutia wengine nafasi katika nchi za kisoshalisti. Historia hii husimuliwa kwa msamiati wa anga na wa uhuru. Maji hayamo.

Ilhali maji yalikuwako. Mvua za mwisho wa 1961, zilizofuata ukame mkali, ziliifanya Nyando kufurika katika uwanda wa Kano na Nzoia kufurika Budalangi. Mito hupungua baada ya majuma kadhaa, ziwa halikupungua. Liliendelea kupanda hadi Mei 1964, zaidi ya mita mbili juu ya kiwango chake cha awali, likameza mashamba na maboma ya ufuoni. Nauli ya ndege ililipwa na wafadhili, na vyuo vingi vilisamehe karo, lakini pesa za matumizi zilitegemea kazi za mikono za mwanafunzi mwenyewe na michango ya jamaa. Ng'ombe aliyeuzwa ili watu wa boma wapate unga hawezi kuuzwa tena kwa ajili ya koti la baridi la kijana aliye ughaibuni.

Fasihi simulizi ya ufuo huo inayo ngano inayofaa kusomwa sambamba na historia hii. Katika ngano ya Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay, bikizee mgeni anafukuzwa na wanakijiji walio katika sherehe. Mwanamke mmoja tu anamkirimu, naye anaonywa aondoke usiku huohuo. Mvua inanyesha, kijiji kinazama. Wachambuzi wengi huisoma kama ngano ya ukarimu, na hawakosei. Hata hivyo, ni ngano ya aliyeondoka pia. Mwanamke yule anaokoka kwa kuwa hayupo, na msimulizi hamfuati huko aendako.

Hapa tofauti kati ya gharika na mafuriko ina uzito. Gharika ya Simbi haikumwachia mwokokaji mtu wa kumjibu. Mafuriko ya 1961 yaliwaacha watu wakiwa hai, wakihamia miinukoni na kuandika barua. Barua hizo zilihitaji majibu. Huenda mwanafunzi alizisoma wakati boma alilolikumbuka halipo tena, huku waliomchangia wakiuliza atamaliza lini.

Mnamo Mei 2020 ziwa lilifikia tena kiwango cha 1964 na kukipita kidogo. Ufuo wa Dunga ulivamiwa na maji, na safari hii picha zilimfikia aliye ng'ambo siku ileile. Ungedhani umbali umekwisha. Lakini tangu Machi 25 mwaka huo, Kenya ilikuwa imesimamisha safari za kimataifa za abiria kwa sababu ya korona, na hazikurejea hadi Agosti 1. Wa 1961 alikosa nauli. Wa 2020, hata mwenye nauli, alikosa ndege. Mzazi alisimama ukingoni mwa maji, ila ukingo wenyewe ulikuwa umefika mlangoni pake.