Anzia kwa Mungu: jinsi ya kulinganisha imani ya Wamormoni na Ukristo wa jadi

Vijana wawili wenye mashati meupe na beji nyeusi kifuani, kila mmoja akiitwa Mzee ingawa ndevu hazijakomaa, wanapobisha hodi Nairobi, Dar es Salaam au Kinshasa, mazungumzo aghalabu huanzia pasipostahili. Mwenyeji anauliza habari za kuoa wake wengi. Jirani anadakia kuhusu chai na kahawa. Saa inakwisha, wageni wanaaga, na mwenyeji bado hajui imani yao inaachana wapi na ile aliyofundishwa kwenye katekisimu au darasa la kipaimara.

Masuala hayo mawili yasikumalizie muda. Kanisa lao lilitangaza kuacha ndoa za wake wengi mwaka 1890. Kujiepusha na chai, kahawa, pombe na tumbaku kunatokana na Neno la Hekima, ufunuo ambao Joseph Smith aliutangaza mwaka 1833. Hiyo ni kanuni ya maisha, na Msabato anayejinyima kahawa hajawa na Mungu mwingine kwa sababu hiyo. Anzia kwa Mungu mwenyewe: ni nani, na sisi tu nani mbele yake? Ukishapata jibu la kila upande hapo, utaona jinsi mengine yanavyofuata.

Kabla ya hapo, hakikisha unajua unalinganisha nini na nini. Jina rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanzishwa tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, Marekani. Mwaka 2018 rais wake wa wakati huo, Russell M. Nelson, aliomba jina la Wamormoni liachwe. Wakiwa sebuleni kwako, waite wanavyotaka kuitwa. Mimi hapa nayatumia yote mawili kwa kuwa wasomaji wengi wanalijua lile la zamani. Usiwachanganye na Community of Christ, tawi jingine lililotokana na Joseph Smith, kwa maana hilo linakiri Utatu Mtakatifu. Kwa upande wa pili, Ukristo wa jadi ni yale wanayoyakiri pamoja Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana, Walutheri na Waprotestanti wengine wengi: imani iliyowekwa katika mitaguso ya Nisea mwaka 325, Konstantinopoli mwaka 381 na Kalkedonia mwaka 451. Wanapotofautiana wao kwa wao, kama kwenye hesabu ya vitabu vya Biblia, 73 kwa Wakatoliki na 66 kwa Waprotestanti, usiibebeshe tofauti hiyo kwa Wamormoni.

Sasa vitabu. Watu wengi hupokea Kitabu cha Mormoni, husoma kurasa kadhaa, kisha hushangaa: mbona hiki kinahubiri toba, ubatizo na Yesu Mkombozi kama mchungaji wangu? Wana haki ya kushangaa. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1830, na mafundisho yanayowatenga Wamormoni na Wakristo wengine hayamo humo kwa sehemu kubwa. Hutakuta ndoa ya milele humo, wala ubatizo kwa niaba ya wafu, wala falme tatu za utukufu. Yalikuja baadaye, katika mafunuo na mahubiri ya Joseph Smith hadi alipouawa Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844. Kwa hiyo omba Mafundisho na Maagano, kitabu cha mafunuo hayo kinachopatikana kwa Kiswahili, usome sehemu ya 76, ya 93 na ya 130. Vile vile usitosheke na Makala ya Imani, muhtasari wa mafundisho yao. Ile ya kwanza inamtaja Mungu Baba, Mwanawe Yesu Kristo na Roho Mtakatifu, na Mlutheri yeyote angeitikia amina. Kando ya hivyo weka Kanuni ya Imani ya Nisea. Usiikariri tu kama Jumapili. Isome taratibu, hasa pale inaposema juu ya Mwana na Baba.

Hapo ndipo utakapokuta kiini. Kanuni ya Nisea inamkiri Mungu mmoja, na Mwana akiwa wa asili ile ile moja na Baba. Nafsi tatu, Mungu mmoja. Mungu huyo ni roho, hana mwili isipokuwa ule ambao Mwana aliutwaa kwa Bikira Maria, na vyote vilivyoko, pamoja na roho za watu, aliviumba pasipo kitu. Kati ya Muumba na kiumbe kuna tofauti ya asili isiyofutika. Watakatifu wa Siku za Mwisho wanafundisha kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni watatu walio mbalimbali kabisa, na umoja wao ni wa kusudi, upendo na mapenzi. Sehemu ya 130, ya mwaka 1843, inasema Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Sehemu ya 93 inafundisha kwamba akili, yaani kiini cha mtu, haikuumbwa. Sisi sote tuliishi kabla ya kuzaliwa duniani tukiwa wana na mabinti wa kiroho wa Baba wa Mbinguni, na wanaamini pia kuna Mama wa Mbinguni. Aprili 1844, akihubiri mjini Nauvoo kwa kumkumbuka muumini wake marehemu King Follett, Joseph Smith alikwenda mbali zaidi akafundisha kwamba Mungu mwenyewe aliwahi kuwa katika hali kama ya mwanadamu. Hotuba hiyo haimo katika maandiko yao rasmi, nawe usiitumie kama silaha. Lakini inakuonyesha fikra zilikuwa zikielekea wapi.

Tofauti basi si idadi tu ya nafsi. Kwa Mkristo wa jadi, mimi ni kiumbe niliyefanywa mwana kwa neema. Kwa Mmormoni, mimi na Mungu ni wa jamii moja: yeye amekamilika, mimi nakua. Ningependa kila mlinganishaji akae hapa siku nzima kabla ya kufungua ukurasa mwingine.

Kaa hapa pia na hoja ambayo mmisionari msomi atakuletea. Atasema mababa wa kanisa kama Athanasius wa Alexandria walifundisha kwamba mwanadamu hufanywa kuwa na uungu, na Waorthodoksi wanalifundisha hilo hadi leo. Ni kweli, tena Waprotestanti wengi hawalijui na hupigwa butwaa. Usikane. Uliza tu: je, Athanasius aliamini kwamba kiumbe hufikia kuwa wa asili ya Mungu, au hushirikishwa uzima wa Mungu huku akibaki kiumbe? Ni hilo la pili. Athanasius huyo huyo ndiye aliyeitetea Nisea kwa nguvu kuliko wengine wote. Kwa Watakatifu wa Siku za Mwisho kuinuliwa ni mtoto kukua afanane na mzazi wake, na ndiyo maana kunahitaji ndoa iliyounganishwa hekaluni, familia inayodumu milele.

Kuhusu aya za Biblia, kila upande una zake. Wao watakufungulia Matendo 7, ambapo Stefano anamwona Yesu amesimama mkono wa kuume wa Mungu, na Yohana 17, ambapo Yesu anawaombea wanafunzi wawe na umoja kama wake na Baba. Wewe utafungua Isaya 43 na 44, na Yohana 4. Kurushiana aya hakutawafikisha popote. Chukueni sura moja, mathalani Yohana 17, muisome yote kwa sauti, kisha kila mmoja aeleze anavyoielewa bila kukatizwa. Utajifunza zaidi hapo kuliko katika mabishano ya wiki.

Ukija kwenye wokovu, uliza, “Kuokolewa kutoka nini, na kufikia wapi?” Wao wanafundisha kwamba kwa Upatanisho wa Kristo watu wote watafufuliwa, bure, na karibu wote watapata ufalme mmojawapo wa utukufu: selestia, terestria au telestia. Hayo yako katika sehemu ya 76. Ila kuishi na Baba kwenye selestia kunahitaji pia ubatizo kwa mamlaka ya ukuhani wao na kushika maagano. Ndiyo maana hubatizana kwa niaba ya waliokufa, wakiitegemea 1 Wakorintho 15:29, na ndiyo kazi mojawapo ya mahekalu kama lile la Kinshasa, lililowekwa wakfu mwaka 2019. Ukristo wa jadi haufanyi ubatizo huo. Jambo la mamlaka ni fupi: wao huamini kanisa lilikengeuka baada ya mitume na likarejeshwa kupitia Joseph Smith, na kwamba rais wao ni nabii anayeweza kupokea maandiko mapya. Makanisa mengine huona ufunuo kwa wote ulikamilika katika Kristo na mitume.

Kwa msomaji wa Afrika kuna swali ambalo lisinyamaziwe. Elijah Abel, mwanamume mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836, Joseph Smith akiwa hai. Chini ya Brigham Young, aliyemfuata Joseph Smith, wanaume weusi walizuiwa, na kizuizi hicho kilidumu hadi Juni 1978. Kanisa hilo leo linazikataa nadharia za zamani zilizokihalalisha. Swali hilo liulize kwa uwazi, lakini liweke kwenye daftari la historia. Makanisa ya jadi nayo yana historia ya utumwa na ubaguzi, na mtu hawezi kupima fundisho la Utatu kwa dhambi za maaskofu.

Swali la kama ni Wakristo liache hadi mwisho, nalo ligawe. Kama maana yake ni kumwabudu Yesu, kumwita Mwana wa Mungu na kuomba kwa jina lake, jibu ni ndiyo, na kumkatalia jirani yako jambo hilo ni kumdhulumu. Kama maana yake ni kukiri imani ya Nisea, wao wenyewe watakuambia hawaikiri. Makanisa yameamua kwa njia hiyo ya pili pale yalipolazimika: mwaka 2001 Vatikani ilijibu kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali kwa Kanisa Katoliki, na Wamethodisti wa United Methodist walishafikia msimamo kama huo mwaka 2000. Kwa upande wao, Wamormoni nao humbatiza upya Mkatoliki au Mlutheri anayejiunga nao.

Wamisionari hupendekeza tarehe ya ubatizo mapema, wakati mwingine kabla hujaujua mpangilio wa kitabu walichokupa. Waombe muda kwa upole. Waambie utasoma kwanza sehemu ya 76, ya 93 na ya 130, kisha peleka maswali yale yale kwa padri au mchungaji wako, umwombe naye ajibu Biblia ikiwa wazi mezani.