Pengo si Sifuri

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mimi hayo niliyaona kwa macho yangu muhula uliopita.

Mwalimu wa darasa alinipa kazi ya kuandika programu ya kukokotoa wastani wa alama zetu. Nilitumia lugha ya Python. Programu ikakwama mara mbili: mahali pamoja palikuwa wazi, na pengine palichapwa 6o, yaani herufi o badala ya sifuri. Nami nikaiamuru: popote pasiposomeka namba, weka 0. Ikaenda mbio, nikajiona fundi kweli kweli!

Kumbe nimemponza mwenzangu. Siku ya mtihani wa Hisabati alikuwa amelazwa hospitalini. Katika masomo mengine manne alipata 72, 68, 70 na 66, jumla 276. Ukigawanya kwa 4 unapata 69. Lakini sifuri yangu ilifanya igawanywe kwa 5, ikawa 55.2. Na orodha ya kuombewa basari ilitaka wastani wa 60! Mama yake alipokuja kuuliza, sikuwa na pa kuficha uso.

Basi nimejifunza mambo manne.

Kwanza, sifuri ni alama. Pengo ni kukosa alama. Liandikwe "hakufanya", wala somo hilo lisihesabiwe wakati wa kugawanya.

Pili, kisichosomeka, kama 6o, kirudishwe kwa mwalimu wa somo. Usikisie.

Tatu, namba yenyewe ipimwe. 660 ni namba, lakini si alama ya mtihani wa 100.

Nne, kuna mjanja aitwaye nan, maana yake "si namba". Ukiiambia Python igeuze neno hilo liwe namba, hulipokea bila kelele! Ukiuliza, "Je, ni chini ya 0 au ni zaidi ya 100?" jibu ni la, naye anapita. Akiingia kwenye jumla, jumla yote huwa nan. Dawa ni kugeuza swali: "Je, ni 0 au zaidi, na tena ni 100 au chini?" Hapo pia jibu ni la, lakini safari hii ananaswa. Usitafute ubaya wa alama; idai ithibitishe uzuri wake.

Orodha ilirekebishwa kabla ya kupelekwa, na jina la mwenzangu likaingia. Siku hizi programu yangu ikikuta pengo, husimama na kuuliza. Kuuliza si ujinga, hata kwa kompyuta.