Kupima Mnyooko wa Mfupa wa Paja kwa Mbwa Wadogo

Mwanafunzi, katika somo hili utatumia pembe, wastani na mchepuko wastani kujibu swali la daktari wa mifugo: je, mfupa wa mbwa huyu umepinda kuliko kawaida?

Utangulizi
Mbwa wa jamii ndogo, kama vile Chihuahua, Pomeranian na Yorkshire Terrier, husumbuliwa sana na pia ya goti inayoteguka na kuhamia upande wa ndani. Mbwa huukunja mguu wa nyuma, huruka hatua chache kwa miguu mitatu, kisha hutembea tena vizuri. Sababu mojawapo ni kupinda kwa mfupa wa paja. Ukiwa umepinda sana, daktari huweza kuukata na kuunyoosha. Kwa hiyo kipimo kikikosewa, mfupa mzima unaweza kukatwa bure.

Hatua za kupima
1. Tumia picha ya eksirei ya paja iliyopigwa kwa mbele, pia ya goti ikiwa katikati.
2. Weka nukta katikati ya upana wa mfupa mahali pawili: kwenye theluthi ya urefu kutoka juu, na kwenye nusu ya urefu. Unganisha nukta hizo na urefushe mstari hadi gotini. Huu ni mhimili.
3. Chora mstari wa pili unaogusa ncha mbili za chini za mfupa.
4. Pima pembe ya upande wa nje. Kadiri inavyozidi 90°, ndivyo mfupa ulivyopinda.

Mfano
Tuchukulie kuwa mbwa watano wa jamii moja, wenye magoti mazima, wana pembe za 93°, 95°, 94°, 97° na 96°. Mbwa wa sita anachechemea. Pembe yake ni 101°. Je, yumo katika kiwango cha kawaida?

Suluhisho
Wastani = 475 ÷ 5 = 95°
Jumla ya miraba ya michepuko = 4 + 0 + 1 + 4 + 1 = 10
Mchepuko wastani = √(10 ÷ 5) ≈ 1.4°
Kiwango = 95° ± 2.8°, yaani 92.2° hadi 97.8°
101° imezidi kiwango.

Angalizo
Usiishie hapo. Paja likiinuka au kuzunguka wakati wa kupiga picha, hata mfupa ulionyooka huonekana umepinda. Pia, usitumie kiwango cha mbwa wakubwa kwa wadogo. Katika kazi halisi, mbwa watano ni wachache mno.

Jipime
Picha ya mbwa wa sita ilirudiwa, pia ya goti ikiwa katikati. Pembe ikawa 97°. Mfupa ukatwe?

Jibu
Hapana. 97° imo ndani ya kiwango. Picha ya kwanza haikukaa sawa. Daktari atafute sababu nyingine, mfano mfereji wa pia ya goti usio na kina cha kutosha.