Ryzen 7 7800X3D au Core i7-14700K: Chagua kwa Kazi Yako na kwa Umeme Wako

Msikilizaji wa zamani wa redio huenda analijua jina la Kinyinya hata kama hajawahi kukanyaga Kigali. Kwenye kilima hicho ndiko ilikokuwa mitambo ya masafa mafupi ya Deutsche Welle, iliyorusha matangazo sehemu nyingi za Afrika mpaka ilipozimwa mwaka 2015. Siku hizi, kwenye mitaa ya Kinyinya, kutoka Kagugu hadi Gacuriro kwenye nyumba za Vision City, hukosi kukuta mtu anayekula kwa kompyuta: mchoraji wa ramani za majengo, mhariri wa video za harusi, mwandishi wa programu. Mara nyingi mashine yenyewe ni moja. Mchana inaleta riziki, usiku inachezewa gemu. Mtu wa namna hiyo akienda kununua prosesa anajikuta kati ya mbili ambazo kila muuzaji anazisifia, na ushauri anaopewa huwa ni jedwali la alama alizopata mtu wa Marekani mwenye kadi ya picha ya dola 1,600.

Hizo prosesa ni Ryzen 7 7800X3D ya AMD, iliyotoka Aprili 2023 kwa dola 449, na Core i7-14700K ya Intel, iliyotoka Oktoba 2023 kwa dola 409. Zote zimeshapitwa na matoleo mapya. AMD ilileta 9800X3D Novemba 2024, na Intel ikaleta familia ya Core Ultra 200 mwezi mmoja kabla ya hapo. Hilo lisikusumbue: mengi nitakayoyasema hapa yanazihusu hata hizo mpya, kwa kuwa tabia za kampuni hizi mbili hazijabadilika sana.

Kwanza angalia kadi yako ya picha. Kama unayo RTX 3060 au RTX 4060 na unacheza kwa ubora wa juu wa picha, basi prosesa hizi mbili zitakupa karibu fremu zilezile kwa sekunde, kwa sababu kadi ndiyo inayochelewesha kazi na prosesa inakaa kuisubiri. Mtu wa bajeti hiyo anayetaka gemu tu namshauri asinunue hata moja kati ya hizi. Achukue Ryzen 5 7600 yenye kore sita, na pesa iliyobaki aiongeze kwenye kadi. Akipata fedha miaka miwili ijayo, soketi yake ya AM5 itapokea prosesa kubwa zaidi bila kubadilisha mazabodi.

Kama kadi yako ni ya nguvu, au unacheza gemu za ushindani kama Counter-Strike 2 kwa kushusha ubora wa picha ili fremu zipande, hapo tofauti inaonekana. 7800X3D ina kore nane na nyuzi 16, na inafika gigahezi 5.0 tu. Siri yake ni kashe: megabaiti 96 za ngazi ya tatu, ambapo 64 kati ya hizo zimebandikwa juu ya kipande cha silikoni kama ghorofa ya pili. 14700K ina 33. Gemu huomba data ndogondogo mara nyingi sana kwa sekunde, na kila isipoipata kwenye kashe inabidi iifuate kwenye RAM, ambayo ni mbali. Ndiyo maana prosesa yenye kasi ndogo ya saa inaishinda yenye gigahezi 5.6. Ushindi wenyewe ni wa asilimia chache katika gemu nyingine, na kumi na kitu katika nyingine. Kwa gemu zenye hesabu nzito, kama Microsoft Flight Simulator, hupanda zaidi ya hapo.

Niseme jambo moja kwa wanaocheza mtandaoni. Hakuna prosesa itakayokupunguzia ucheleweshaji wa intaneti. Rwanda haina pwani. Data yako husafiri nchi kavu hadi nyaya za baharini za Mombasa au Dar es Salaam, kisha ndiyo ielekee kwenye seva, ambayo aghalabu iko Afrika Kusini, Ghuba au Ulaya. Ukiona unapigwa risasi ukiwa umeshajificha nyuma ya ukuta, tatizo ni umbali huo. Usitumie mamia ya maelfu ya faranga kutibu ugonjwa usiokuwa wa kompyuta.

Upande wa kazi ndiko kwenye mambo mengi, na ndiko watu wanakopoteza pesa. 14700K ina kore 20: nane kubwa na 12 ndogo, jumla nyuzi 28. Katika jaribio la Cinebench R23, ambalo hupima kazi inayogawanyika kwa kore zote, hupata alama zipatazo 35,000, wakati 7800X3D hupata kama 18,000. Karibu mara mbili. Mtu akiona hivyo anasema basi, kazi ni Intel. Lakini muulize anafanya kazi gani.

Mchoraji anayeshinda kwenye AutoCAD au anayejenga modeli ndani ya Revit anatumia kore moja kwa sehemu kubwa ya siku. Kore 19 nyingine zinamtazama. Kwake Intel ina faida ndogo ya kasi ya kore moja, basi. Akifika kwenye kutoa picha za kumwonyesha mteja, yategemea anatumia nini: Lumion, Enscape na Twinmotion hufanya kazi hiyo kwenye kadi ya picha, kwa hiyo prosesa haina usemi mkubwa. V-Ray au Corona zikitumia prosesa, hapo ndipo kore 20 zinakurudishia usiku wako: picha iliyokuwa ichukue saa nne hutoka kwa zaidi kidogo ya saa mbili. Blender inaweza kutumia prosesa au kadi ya picha, na mwenye kadi nzuri ya Nvidia atapata haraka zaidi kwa kadi.

Mhariri wa video za harusi ana sababu nyingine ya kutazama Intel, na sioni ikisemwa vya kutosha madukani. Kamera nyingi za Sony na Canon za miaka ya karibuni hurekodi H.265 ya biti 10 kwa mfumo wa 4:2:2. Picha hizo ni nzuri kwa kurekebisha rangi, lakini ni nzito mno kufunguliwa. Kadi za Nvidia kabla ya familia ya RTX 50 hazina sehemu ya kuzifungua moja kwa moja, na 7800X3D nayo haina. Sehemu ya picha iliyomo ndani ya 14700K inayo, na Premiere Pro inaitumia. Matokeo yake ni kwamba unasogeza mshale kwenye video ya sherehe ya saa sita bila kukwamakwama. Kwa mtu wa kazi hii, hilo lina thamani kuliko alama zozote za jaribio. Angalia tu herufi ya mwisho: 14700K inayo sehemu hiyo, 14700KF haina, na tofauti ya bei kati yao isikutie tamaa.

Mwandishi wa programu anayekompaili miradi mikubwa, au anayeendesha kompyuta pepe kadhaa kwa wakati mmoja, naye ni mtu wa kore nyingi. Anayeandika tovuti hahitaji kusumbuka.

Tuje kwenye umeme. 14700K kwa kikomo cha juu kilichowekwa na Intel hufika wati 253. 7800X3D, hata ikifanyishwa kazi kwa kore zote, kwa kawaida hukaa chini ya wati 100. Wengi hukimbilia kuhesabu tokeni za kashi pawa, yaani umeme wa kulipia kabla, na Rwanda kweli bei ya uniti hupanda kwa ngazi kadiri unavyotumia zaidi ndani ya mwezi. Hata hivyo hesabu hiyo haitishi. Katika gemu tofauti yao ni kama wati 70; ukicheza saa nne kila siku, kwa mwezi ni uniti nane na kidogo. Na kwenye kazi ya kore zote, Intel inavuta sana lakini inamaliza mapema.

Umeme unakuuma kwenye UPS. UPS ndogo ya VA 650, ambayo ndiyo wengi wanayo chini ya meza, hubeba takriban wati 360 tu. Chukua 14700K kwa wati 253, ongeza RTX 4060 yenye wati 115, ongeza kama 70 za skrini, mazabodi, diski na feni: umefika 438 kabla hujahesabu hasara ya pawasaplai. Umeme ukikatika katikati ya kazi, UPS hiyo italia na kuzima, na saa tatu za kazi zimekwenda. Ukiweka 7800X3D mahali pale pale jumla haifiki 285, nayo inabebeka.

Dawa ipo, na ni ya bure. Ingia kwenye BIOS, uweke kikomo cha nguvu cha 14700K kuwa wati 125, vikomo vyote viwili, cha muda mfupi na cha muda mrefu. Itapoteza karibu moja ya tano ya nguvu yake kwenye kazi ya kore zote, na bado itaiacha 7800X3D mbali. Kwenye gemu hutaona tofauti ya maana. Joto linashuka na feni zinatulia. Hili la joto lina uzito Kigali kuliko watu wanavyodhani: mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo kila mzunguko wa feni unabeba joto pungufu. Ubaridi wa mji unafidia sehemu ya hilo. Vumbi jekundu la barabara ambazo hazijawekwa lami halifidii chochote. Safisha vichujio vya kesi kila mwezi wakati wa kiangazi.

Sasa jambo ambalo sitaki msomaji alipite haraka. Baadhi ya prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, 14700K ikiwemo, zilikuwa na kasoro ya kuomba volti kubwa kupita kiasi, na volti hiyo iliziharibu polepole. Intel ilitoa marekebisho ya maikrokodi mwaka 2024, lile la Septemba likiitwa 0x12B, na ikaongeza miaka miwili ya udhamini kwa zile zilizouzwa ndani ya boksi. Marekebisho huzuia uharibifu. Hayaponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Kwa sababu hiyo 14700K ya mtumba, iliyofanya kazi mwaka mzima huko ilikotoka bila BIOS mpya, siigusi kwa bei yoyote. Ukilazimika, usilipe kabla ya kuijaribu: fungua faili kubwa lililobanwa mara kadhaa mfululizo, kisha washa gemu ya Unreal Engine kwa mara ya kwanza. Ikilalamika kwamba kumbukumbu ya video haitoshi wakati kadi yako ina nafasi tele, au ikizima bila sababu, hiyo ndiyo dalili yenyewe.

AMD nayo haikuwa safi. Aprili 2023 baadhi ya prosesa za X3D ziliungua kwenye mazabodi zilizopeleka volti nyingi kwenye sehemu ya SoC, hadi BIOS mpya zilipoiwekea kikomo cha volti 1.3. Kwa hiyo prosesa yoyote utakayochukua, BIOS ndiyo kazi ya kwanza ya fundi, kabla hata ya Windows.

Kwenye bei, usilinganishe prosesa peke yake. 7800X3D hupokea DDR5 tu. 14700K ina mazabodi za DDR5 na za DDR4, na mwenye gigabaiti 32 za DDR4 nyumbani anaweza kuendelea nazo, jambo zito hasa baada ya bei za RAM kupanda duniani tangu mwishoni mwa 2025. Kwa upande mwingine, soketi ya LGA1700 imefika mwisho wake, wakati AMD imeahidi kuitunza AM5 hadi 2027 na kuendelea.

Anayeishi kwa video, kwa kutoa picha za majengo kwa prosesa au kwa kukompaili miradi mikubwa achukue 14700K mpya, si KF, na aifunge kwenye wati 125. Wengine wote wenye kadi nzuri ya picha wachukue 7800X3D. Na kabla ya kuondoka dukani, hakikisha boksi halijafunguliwa, kisha lifungue uone kuwa namba ya mfululizo iliyoko juu yake inafanana na ile ya kwenye prosesa, na kwamba risiti yako ya kodi ya EBM imeandikwa jina kamili la bidhaa mpaka herufi ya mwisho.